Kitufe cha Zuzu na Kuku wa Mzee Ndahani

Mjukuu wangu Neema anasoma mambo ya kompyuta hapa hapa Dodoma. Siku moja alirudi nyumbani amenuna, akatupa begi kwenye kochi. Mwalimu wao amewapa zoezi la wiki nzima: wabuni kitufe kimoja cha kubonyeza kwenye kioo cha simu, kianze kufanya kazi, basi. Kitufe kimoja, wiki nzima. Akasema, babu, huyu mwalimu anatuchezea.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Miaka mingi iliyopita, kwenye karakana moja ya Kizota, nilipewa zoezi hilo hilo na mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta mpaka anaingia kaburini. Kisha kicheko kikanikwama. Neema akauliza mbona umenyamaza, nikamsimulia nusu ya habari. Nusu ile ya kuchekesha. Nyingine nawaandikia ninyi, yeye na wenzake, kwa kuwa kuisema usoni pa mjukuu wangu sikuweza.

Aliyenipa zoezi alikuwa Fundi Juma. Mzaliwa wa mjini, Mwislamu, wa wale ambao babu zao walifika Dodoma na misafara ya biashara wakakaa. Umeme alijifunzia kwenye kazi ya reli. Karakana yetu ilitengeneza masanduku ya swichi: ya mashine za kusaga, za pampu za maji, za misumeno ya mbao. Sanduku la bati, ndani waya, nje vitufe viwili, cha kuwasha na cha kuzima. Sisi tuliviita batani. Mimi nilitoka kijiji cha Zuzu, mtoto wa Kigogo, nimemaliza shule nina cheti na maringo. Nilidhani siku ya kwanza nitapewa mota kubwa. Fundi Juma akanipa kiti na kusema nimtengenezee kitufe, na nisimpelekee mpaka kiwe kinajibu.

Kitufe kinajibu nini? Sikuuliza, niliona aibu kuuliza.

Wakati ule madukani hakuna kitu. Ukitaka springi unavunja kalamu ya wino. Kichwa cha kitufe nilikichonga kwenye soli ya ndala iliyokatika. Shaba nilibandua kwenye swichi iliyoungua. Kitufe cha kwanza ukikibonyeza hakirudi. Cha pili kilirudi lakini kilirusha cheche. Cha tano kikafanya kazi, nikampelekea kifua mbele. Akakifunga kwenye sanduku kando ya kingine, akanifunga macho kwa kitambaa cha kufutia grisi, akanipaka pumba mikononi, akanizungusha mara mbili, kisha akapiga kelele kwamba mashine imeshika nguo ya mtu, zima. Nikapapasa, nikabonyeza. Nilikuwa nimewasha.

"Umekufa," akasema. "Kesho tunakula pilau lako."

Ndiyo ilikuwa shule yangu. Nilijifunza kwamba kitufe cha kuzima kijitokeze nje kama uyoga, mtu aweze kukipiga kwa kiwiko, kwa nyonga, hata kwa paji la uso. Cha kuwasha kizame ndani ya kola yake, kisubiri kidole kilichokusudia. Na kijibu mara tatu: kidole kisikie kimeshuka, sikio lisikie mlio ndani ya sanduku, jicho lione taa. Kimoja kikikosekana, mtu anabaki hajui kama amesikilizwa.

Msinicheke, nina ushahidi. Sanduku langu la kwanza kutoka karakana lilikwenda kwa mzee mmoja mfugaji, la pampu ya kisima cha ng'ombe. Kitufe kilikuwa laini mno, hakisemi kitu, na taa sikuweka. Nikampitia baada ya siku tatu. Nilimkuta amekalia debe, kidole kiko kwenye kitufe, anabadilisha mkono wa kulia kwa wa kushoto bila kukiachia, ng'ombe wanakunywa. Siku tatu alikuwa akikaa hivyo toka anawasha mpaka anazima. Akaniambia kwa upole kuwa mashine ni nzuri, ila inachosha, na kama ningeweza kumtengenezea kigoda. Nilipomwambia aachie akaachia, pampu ikaendelea, akanitazama kwa jicho ambalo sitalieleza.

Fundi Juma alicheka wiki nzima. Mimi niliona haya, lakini ilikuwa haya nyepesi, ile ya kupona.

Sasa somo kubwa kuliko yote. Fundi Juma alisema kitufe chema ni kile kinachosahau. Nieleze polepole. Unabonyeza cha kuwasha, unaachia, kinarudi juu. Ndani ya sanduku kuna kontakta, kidude kinachojishikilia chenyewe kwa nguvu ya umeme ule ule. Umeme ukikatika, kinaachia. Umeme ukirudi, mashine inabaki kimya, haikumbuki kwamba iliwahi kuwashwa. Lazima mtu aje abonyeze tena. Mtu, alikuwa akisema, akinigonga kifuani kwa kidole chake chenye kucha nyeusi. Mashine iwashwe na mtu, isiwashwe na umeme.

Nililielewa somo hili. Shikeni hapo, maana baadaye mnaweza kutaka kunitetea kwamba sikujua.

Ikaja miaka ya ruksa. Biashara zikafunguliwa, mitumba, redio, baiskeli, kila kitu kikamwagika barabarani. Na vitufe vya Dubai. Mola wangu, vile vitufe! Kijani, kichwa cha kioo, taa iko ndani yake chenyewe. Ukikibonyeza kinazama, kinabaki huko chini, kinang'aa. Ukikibonyeza tena kinatoka. Nilinunua kimoja nikatembea nacho mfukoni kama mtu mwenye pete ya uchumba. Mimi niliyekuwa nachonga ndala! Fundi Juma alikigeuza mkononi, akasema hiki kinafaa kwa taa ya sebuleni, akanirudishia.

Nikaona mzee amepitwa na wakati.

Zuzu, kijijini kwetu, Bi Zuhura wa mjini alifungua mashine ya kusaga. Mama wa heshima, mkali kidogo, mwenye moyo. Sanduku la swichi tulimfungia sisi, vitufe viwili vya kawaida vinavyosahau. Msagishaji alikuwa binti kutoka kijiji cha Haneti, Perisi, miaka ishirini hivi, alikuwa amefikia kwa shangazi yake. Nimeona wasagishaji wengi, na wazuri kama yule hawafiki watatu. Alijua kwa sikio tu kama mkanda umelegea. Akina mama walimpenda kwa sababu hakuchanganya unga wa mtu na wa mwingine, na foleni yake haikuwa na upendeleo.

Lakini ilikuwa enzi za mgao. Umeme unakwenda, unarudi, unakwenda. Bi Zuhura alikuja karakana kulalamika: umeme unaweza kurudi Perisi yuko kisimani au anapokea mzigo nje, na foleni inasubiri mtu wa kubonyeza. Akauliza, haiwezekani mashine ijue yenyewe?

Fundi Juma hakuwepo, alikuwa Tabora msibani. Angekuwepo angemjibu kwa neno moja. Mimi nikasema inawezekana kabisa, mama, kesho tu.

Nilipiga baiskeli mpaka Zuzu, nikang'oa vitufe viwili, nikaweka kile cha kijani. Waya zilipungua, sanduku likapendeza. Nikamwonyesha Perisi: bonyeza, kinazama, kinawaka. Bonyeza tena, kinatoka, kinazima. Akafurahi kama mtoto. Umeme ulikatika nikiwa pale pale, taa ikazimika. Uliporudi, mashine ikanguruma yenyewe, hakuna aliyeigusa, na akina mama kwenye foleni wakapiga vigelegele. Mmoja akaniita mtaalamu. Kichwa kilivimba hata kofia ingenibana.

Perisi sikumwambia kilichobadilika. Ilikuwa sentensi moja tu: siku hizi umeme ukikatika mashine haijazimika, kwa hiyo usiifungue. Sikuisema. Sitawadanganya kwamba nilisahau. Niliona kuisema kungeharibu utamu, kungeonyesha kwamba kitufe changu kizuri kina kasoro. Kwa hiyo yeye akabaki na alichokijua siku zote: taa ikizimika, mashine imelala.

Mnaosaga kwa mashine za siku hizi hamjui mtama uliokobolewa ukaoshwa ukaletwa haujakauka. Unaganda kwenye chekeche, lile bati lenye matundu chini ya nyundo zinazosaga. Lazima msagishaji afungue, aingize mkono, akwangue. Msagishaji mvivu atasubiri mpaka jioni. Perisi alikuwa anatumia muda wa umeme kukatika, ili ukirudi foleni isicheleweshwe tena. Ndivyo alivyofanya kwa mwaka mzima na vitufe vya Fundi Juma, na hakuwahi kukwaruzika.

Kitufe changu kilikaa wiki mbili. Umeme ukakatika asubuhi, Perisi akafungua, akaingiza mkono wa kulia. Ukarudi. Walionisimulia walisema akina mama waliokuwa nje walianza na vigelegele vya umeme kurudi, na ndani ya vigelegele hivyo ndipo wakamsikia.

Vidole vitatu.

Nilipofika Perisi ameshapelekwa hospitali. Kibanda kilikuwa kitupu, watu wako nje wanalia. Nilichofanya kwanza ni hiki. Nilitoa bisibisi. Nikafungua sanduku, nikang'oa kile kitufe cha kijani, nikakitia mfukoni, nikarudisha viwili vya zamani. Haikunichukua muda, nilikuwa fundi mzuri. Bi Zuhura aliponiuliza imekuwaje, nikamwambia hakushusha swichi kubwa ya ukutani. Mashine haifunguliwi bila kushusha swichi ya ukutani.

Hilo ni kweli, lipo kwenye kila kitabu. Ila kwenye mashine zetu hakuna aliyewahi kuishusha, wala sisi hatukumfundisha mtu. Nilichukua ukweli nikaufanyisha kazi ya uongo.

Nikaenda kumwona hospitali, maana kutokwenda kungetia shaka. Mkono umefungwa umekuwa mkubwa kama kichwa cha mtoto. Hakulia. Aliniuliza jambo moja, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza.

"Fundi, nilikosea wapi?"

"Swichi ya ukutani, Perisi. Hukuishusha."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema asante.

Bi Zuhura alimhudumia vizuri, lakini hakumrudisha. Nani amrudishe msagishaji mzembe, tena mwenye vidole viwili? Neno hilo, mzembe, lilitangulia hata kabla hajatoka wodini. Likaenda Zuzu yote, likapanda basi likaenda Haneti.

Na Haneti likamfikia baba yake, Mzee Ndahani. Kwetu mtoto akiharibu kwa watu, mzazi hasubiri kuitwa. Anainuka anakwenda mwenyewe. Mzee yule alikuja mpaka Dodoma, akaanza kwa Bi Zuhura, kisha akaulizia karakana ya fundi aliyefunga mashine. Nilimwona anaingia na tetea mwekundu kwapani, miguu imefungwa kwa kamba ya ukili. Nikampa shikamoo. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba amekuja kwa ajili ya binti yake, kwamba amesikia uzembe wake ungeweza kunichafulia jina katika kazi, na kwamba nimsamehe, yeye ndiye aliyemlea. Kisha akanipa yule kuku kwa mikono miwili.

Nikampokea kwa mikono miwili.

Fundi Juma alikuwa amerudi kutoka msibani, amekaa kwenye kigoda chake, anasikiliza. Mzee alipotoka, hakunigombeza. Aliuliza tu kile kitufe cha Dubai kiko wapi, nikamjibu kiko mfukoni.

"Mfuate," akasema. "Hajafika stendi."

Kizota mpaka stendi si mbali. Nilikuwa na baiskeli. Nilisimama pale na kuku mkononi mpaka nikajua basi limeshaondoka, kisha nikaendelea na kazi. Jioni mke wangu alimchinja akampika kwa karanga. Nilimwalika Fundi Juma, akasema hasikii njaa. Kuku nilimla. Alikuwa mtamu, na hilo nalo limo katika yanayonisuta.

Toka siku ile Fundi Juma hakunipigia kelele tena. Mnaweza kudhani ni nafuu. Mtu aliyekutukana kila siku kwa sababu ana matumaini na wewe, akaanza kukwambia tafadhali na asante, hapo ujue umezikwa. Aliweza kunitangaza na hakunitangaza. Alinisubiri nijitangaze. Alifariki ananisubiri.

Mimi nikawa fundi mwangalifu. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikilifikiria. Kila sanduku nililotengeneza baada ya hapo lilikuwa la kusahau, nikawafunga macho wanafunzi, nikawapaka pumba, nikawagonga kifuani. Watu walinisifu kwa usalama. Siku ya kustaafu mtu alisimama akasema fundi huyu hajawahi kuumiza mtu, watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasimama nikashukuru.

Basi turudi kwa Neema na zoezi lake. Wiki ilipokwisha alinionyesha kitufe chake kwenye simu. Kizuri, kinabadilika rangi ukikigusa, kinatikisika kidogo kwenye kidole, kinaandika kwamba ombi limepokelewa. Nikamwambia kinajibu. Akasema bado swali moja la mwalimu limemshinda, akanisomea, naye hakuwa na habari alikuwa ananisomea nini: mtumiaji akiumizwa na kitufe, atajuaje kama kosa ni lake au ni la aliyekibuni?

Nikamwambia hawezi kujua, mjukuu wangu. Mpaka aliyekibuni aseme.

Kesho yake nilipanda basi la Haneti.

Perisi si binti tena, ni mama wa watu wazima. Alinitambua kabla sijajitaja, akanikaribisha, akaniletea maji kwa ule mkono. Nikaanza kueleza. Nikasema habari za kontakta, za mfumo wa kujishikilia, za mgao, za aina ya kitufe kilichokuwepo sokoni. Nilizungumza vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Watoto wangu nimewalea kwa mkono huu," akasema. "Wakishika kisu, wakiwasha moto, nawaonyesha. Nawaambia, tazameni uzembe wa mama yenu."

Nilikwenda nikidhani nampelekea habari ambayo moyoni mwake aliijua siku zote, kwamba hakukosea, kwamba nilimwonea tu mbele ya watu. Kumbe aliniamini. Lile jibu la wodini alilichukua akaishi nalo, akalifanya somo la nyumba yake.

Akaniambia mama yake amekufa akijua amezaa mtoto mzembe, huyo siwezi kumfikia tena. Baba bado yupo. Niende nikamwambie, tena kwa Kigogo, Kiswahili cha mafundi hakielewi.

Hapo ndipo nilipovuliwa nguo. Kwa Kiswahili nilikuwa na pa kujificha: kontakta, mfumo, mgao. Kwa lugha ya mama yangu hakuna hata neno moja la hayo. Mzee Ndahani alikuwa amekaa juani ukutani, macho yameingia ukungu, ametega sikio. Nikapiga magoti nikasema kwa Kigogo maneno niliyokuwa nayo. Nilibadilisha kitu kwenye mashine. Nilijua kina hatari. Sikumwambia mtoto wako. Kilipomkata nilikificha, nikasema ni yeye.

Akauliza kama mimi ndiye fundi yule aliyepokea kuku wake.

"Ni mimi, baba."

"Ulimla?"

"Nilimla."

Alinyoosha mkono hewani akamwita Perisi, akaupapasa mkono wake mpaka akapata vile vidole viwili, akavishika. Kisha mzee yule, kwa mara ya pili katika maisha yake, akaomba msamaha kwa kosa langu. Safari hii alimwomba binti yake.